Kabureta Tatu, Gari Moja: Mwongozo kwa Mbishi wa Mwadui

Mwongozo huu haumhusu mtu anayetafuta usafiri tu. Huyo atanunua IST, atageuza ufunguo na kufika Shinyanga mjini chai yake haijapoa. Unamhusu mbishi: aliyerithi, aliyenunua au aliyebadilishana na ng'ombe gari la spoti la miaka ya 1970 lenye kabureta zaidi ya moja, naye ameapa kulitembeza Mwadui, Maganzo, Kahama mpaka Geita. Ushauri wa kuliuza ameshaupata kwa shemeji, kwa jirani, na kwa dereva wa lori la ng'ombe aliyemkuta njia panda boneti ikiwa wazi. Hapa hatapewa tena. Hapa atafundishwa kulifanya liende, kwa sababu gari hilo linastahili kwenda.

Nachukua Datsun 240Z kuwa mfano, maana Afrika Mashariki ina dai lake kwenye gari hilo. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo Safari Rally. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews, alishinda nalo tena, baada ya kulingana pointi na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun 1800 SSS. Rali ile ilianza 1953, na katika miongo yake ya mwanzo ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kutoka hewa nzito ya pwani mpaka hewa nyepesi ya milimani, kwenye vumbi na matope yaleyale tunayoyajua. Watu wa Dar es Salaam wanawakumbuka pia Bert Shankland na Chris Rothwell walioshinda 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Kwa hiyo mtu akikuambia gari la namna hii si la barabara zetu, mjibu kwamba sifa lilizipatia kwenye barabara zetu.

Injini ya 240Z ina silinda sita mstari mmoja, cc 2,393. Kiwandani ilifungwa kabureta mbili za Hitachi, zilizofuata muundo wa SU wa Uingereza. Watu wa rali wao walifunga tatu, kila moja ina midomo miwili, hivyo kila silinda ikapata koo lake. Picha ya kabureta tatu zilizopangwa na tarumbeta zake za kung'aa imewaponza wengi. Mtu anaiona usiku kwenye simu, asubuhi anatafuta fedha.

Kuchagua

Swali la kwanza la mbishi ni ngapi na kubwa kiasi gani. Aanze kwa kujiuliza gari litakwenda wapi. Kama ni barabara ya Mwanza, soko la Maganzo na harusi za ndugu, hukumu yangu ni hii: baki na mbili za mtindo wa SU. Ndani yake mna pistoni inayopanda yenyewe kadiri injini inavyovuta hewa, na sindano iliyochongoka inapanda pamoja nayo na kuachia petroli zaidi. Hewa ikiongezeka, njia inapanuka, ikipungua, inabana. Kabureta nzima ina jeti moja na sindano moja. Fundi aliyezoea pikipiki ataielewa kabla hujamaliza kumweleza, kwa kuwa kabureta ya bodaboda nayo ina sindano inayopanda na kushuka ndani ya jeti.

Tatu za aina ya Weber DCOE, kutoka kwa kampuni aliyoianzisha Edoardo Weber mjini Bologna mwaka 1923, au za Mikuni zinazofanana nazo, ni habari nyingine. Kila koo lina jeti ya sailensi, jeti kuu, jeti ya hewa, bomba jembamba lenye matundu la kuchanganyia, na jeti ya pampu ndogo inayorusha petroli ukikanyaga ghafla. Vitu vitano mara sita ni thelathini. Jeti ya sailensi yenye namba 50 ina tundu la nusu milimita, na chembe moja ya mchanga inalimaliza. Mwadui ni mahali ilipookotwa almasi ya waridi ya karati 54.5 mwaka 1947, katika mgodi ulioanzia kwenye ugunduzi wa John Williamson wa mwaka 1940, kwa hiyo watu wa hapa hawahitaji kufundishwa kuheshimu vitu vidogo. Wanahitaji tu kukumbushwa kwamba safari hii kidogo hicho ni hasara.

Faida ya tatu ipo, wala siikatai. Injini ikiwa imeshachongwa kichwa, imepata kamshafti kali na bomba la moshi linalopumua, koo moja kwa kila silinda linaipa wepesi ambao mbili haziufikii. Ukikanyaga inaitika papo hapo. Lakini injini iliyo kama ilivyotoka kiwandani haipati kitu cha maana isipokuwa kelele na hesabu ya mafuta.

Ukishaamua tatu, kosa linalofuata ni kununua 45 kwa sababu 45 inazidi 40. Namba hiyo ni ya upana wa tundu pale penye kipepeo, kile kibati kinachofungua na kufunga njia ya hewa. Kinachofanya kazi ni koo la ndani linalobana hewa, na koo hilo linabadilishwa. Silinda moja ya 240Z ni kama cc 400. Kwa injini ya barabarani isiyopita mizunguko 6,000 kwa dakika, koo la milimita 30 hadi 32 linatosha, na kabureta ya 40 inalibeba bila taabu. Koo likiwa pana mno, hewa inapita polepole, inakosa nguvu ya kuinua petroli, na petroli inadondoka matone badala ya kupuliziwa kama ukungu. Gari linakohoa kila ukitoka kwenye tuta, kisha mwenyewe anasema kabureta ni ndogo na anakwenda kutafuta 48.

Mtumba una mitego yake. Shika ekseli ya kipepeo, itikise juu na chini. Ikicheza, hewa inapenya pembeni, na sailensi haitatulia mpaka ekseli au bushi yake ibadilishwe. Kisha soma namba zilizogongwa kwenye kila kabureta na kwenye kila jeti. Wauzaji wanaokusanya seti kutoka magari matatu tofauti ni wengi, na seti ya namna hiyo itakuzeesha. Kabureta mbili ni jozi ya maksai kwenye nira moja: mmoja akivuta na mwenzake akijikokota, mtaro unapinda, na kumchapa yule mzuri hakunyooshi kitu.

Hewa, vumbi na dumu

Mwadui ipo karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mgandamizo wa hewa hapa ni pungufu kwa kama asilimia 13 kuliko Dar es Salaam. Injini iliyokuwa na nguvu za farasi 100 pwani, hapa ina kama 87, na hakuna skrubu ya kuzirudisha zilizopotea. Mbishi asiyelijua hili anakaza na kulegeza wiki nzima akitafuta nguvu iliyobaki Kibaha.

Kinachoweza kurekebishwa ni mchanganyiko. Kabureta haijui kwamba hewa imekuwa nyepesi. Inaendelea kumwaga petroli karibu ileile, na gari lililotengenezwa Dar linafika hapa likiwa limelewa. Moshi mweusi, plagi zenye masizi, harufu ya petroli mpaka kwenye shati. Kwa Weber, kanuni ya kuanzia ni kuzidisha upana wa koo kwa nne: koo la 32 linapata jeti kuu ya 125 au 130. Kama pwani ulikuwa na 130, hapa weka 125. Kwa SU, pandisha nati ya chini ubapa mmoja au miwili. Yeyote anayekuuzia kabureta "zilizotengenezwa tayari" kutoka pwani, Nairobi au Ulaya amekuuzia mahali pa kuanzia.

Kuhusu vumbi sitabembeleza. Tarumbeta zilizo wazi ni za gari la maonyesho lililoegeshwa sakafuni. Ukiziendesha wazi kutoka Maganzo mpaka Mwadui mwezi wa Septemba, lori la mbele likirusha vumbi lake, unaimwagia silinda unga wa kusagia. Ringi zinakwisha, injini inaanza kula oili, na kelele tamu uliyoipenda inageuka moshi wa buluu. Funga chujio la sponji lililopakwa oili yake, lenye nafasi mbele ya tarumbeta ili hewa isibanwe. Lifue mara kwa mara wakati wa kiangazi. Anayekuambia chujio linapunguza nguvu, mwambie akuoneshe injini yake.

Petroli nayo ina historia. Sote tunakumbuka enzi za mafuta kuchakachuliwa, mafuta ya taa yakichanganywa na petroli, mpaka mamlaka ya udhibiti, EWURA, ikaanza kuyawekea vinasaba mwaka 2010. Hata hivyo mafuta ya dumu yanayouzwa kandokando ya barabara hayana wa kuyasemea. Mafuta ya taa kwenye petroli yanaifanya injini igonge, na mbishi anaanza kugusa kabureta zisizo na kosa. Nunua kituoni, funga chujio la mafuta kabla ya pampu na jingine kabla ya kabureta, na kama gari lililala miaka, teremsha tangi lioshwe. Kutu ya tangi ndiyo inayojaza bakuli la boya.

Kutengeneza

Sheria moja kubwa: kabureta iwe ya mwisho kuguswa. Gari likimisi, kila mtu anakimbilia bisibisi na zile skrubu mbili zinazoonekana. Waache. Anza na valvu: kwa injini hii ikiwa ya moto, nafasi ni milimita 0.25 kwa ya kuingiza na 0.30 kwa ya kutoa. Pima mgandamizo wa silinda zote sita, tofauti kati ya iliyo juu na iliyo chini isizidi sehemu moja ya kumi. Safisha pointi, weka taimingi kwa taa yake, hakikisha nyaya za plagi hazirukishi moto gizani. Mengi ya magari yanayopelekwa gereji kwa "ugonjwa wa kabureta" yanaponea hapa, na fundi mkweli atakuambia hivyo.

Kisha tafuta hewa ya wizi. Injini ikiwa kwenye sailensi, nyunyiza maji ya sabuni kwenye maungio ya kabureta na manifoldi. Mlio ukibadilika, gasketi inavuja. Usitumie petroli kwenye chupa, hata kama umemwona mtu akifanya. Kwenye 240Z bomba la moshi lipo upande uleule, chini kabisa ya kabureta, na tone moja juu ya chuma kile ni moto. Mtungi wa kuzimia moto ukae garini, si stoo. Joto hilohilo ndilo linalochemsha petroli ndani ya bakuli ukisimama mchana wa Oktoba. Bati la kukinga joto lililokuja na gari usilitupe, lirudishe mahali pake.

Angalia kimo cha boya katika kila kabureta, kwa kipimo cha kitabu cha gari. Angalia msukumo wa pampu: Weber hazitaki zaidi ya pauni tatu hivi kwa inchi ya mraba, na pampu ya umeme ya gari la kisasa itazifurisha mpaka zitapike. Kwa zile za SU, inua pistoni kwa kidole na uiachie. Inapaswa kushuka yenyewe na kugonga chini: ta! Isipogonga, sindano imepinda au jeti haiko katikati. Weka oili nyepesi kwenye kibomba cha juu. Ikikauka, gari linasita kila ukikanyaga, na hakuna jeti ya kuliponya.

Sasa ndiyo tunafika kwenye kazi yenyewe. Injini iwe imepata moto kamili. Legeza vyuma vinavyounganisha kabureta, kila moja ijitegemee. Vipo vipimo vya hewa vya kununua, navyo ni vizuri, lakini mpira wa maji wa nusu mita unatosha. Ncha moja sikioni, ncha nyingine kwenye mdomo wa kabureta, mahali palepale kwa kila moja. Utasikia hewa ikifoka. Kabureta iliyo wazi zaidi inafoka kwa sauti nzito, iliyojifunga inalia nyembamba. Geuza skrubu za sailensi mpaka sauti zifanane. Mazungumzo ya kazi hii, kati ya mzee na kijana aliyeshika mpira, huwa mafupi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Shika mpira. Unasikia nini?"

"Ya nyuma inavuma. Ya mbele iko mbali."

"Basi ifungue ya mbele. Kidogo. Nimesema kidogo, robo tu. Sikiliza tena."

Zikilingana, unganisha vyuma, kisha pandisha mizunguko hadi kama 2,000 na usikilize tena. Hapa wengi wanakosea: zinalingana sailensi, lakini ukikanyaga moja inatangulia kufunguka. Gari litatulia vizuri mbele ya baa na kutetemeka barabarani. Vyuma vya kuunganisha vikilegea kwenye maungio, vibadilishe, maana hakuna sikio linalorekebisha chuma kilichochakaa.

Baada ya hapo ndipo mchanganyiko. Kwa Hitachi, anza na nati ikiwa imeshushwa mizunguko miwili na nusu kutoka juu kabisa. Inua pistoni ya kabureta moja kama milimita moja. Mlio ukipanda na kubaki juu, petroli imezidi. Injini ikitaka kuzima, petroli ni haba. Ikipanda kidogo tu kisha ikatulia, umefika. Kwa Weber, funga kila skrubu ya sailensi taratibu mpaka igote, ifungue mzunguko mmoja na nusu, halafu itafutie mahali injini inapozunguka kwa utulivu na kasi zaidi. Skrubu ikilazimika kufunguliwa mno ndipo iitike, jeti ya sailensi ni ndogo. Isipobadilisha chochote, jeti hiyo imeziba. Kila ukibadilisha mchanganyiko, rudi kwenye mpira na usikilize upya. Kimoja kinakisogeza kingine, na asiye na uvumilivu wa kurudi afunge boneti aende akanywe soda.

Mwisho ni plagi. Weka mpya, toka kwenye barabara ya Mwanza mahali palipo wazi na salama, vuta kwa mzigo gia ya tatu, kanyaga klachi, zima, egesha kando. Fungua zote sita na uzilaze kwenye kitambaa kwa mpangilio wake. Masizi meusi makavu ni petroli nyingi. Weupe wa chokaa wenye vidoadoa ni hatari. Vitabu vya zamani vinataka rangi ya kahawia iliyoiva, lakini viliandikwa wakati petroli ina risasi. Afrika kusini mwa Sahara iliiacha petroli hiyo kufikia mwanzo wa 2006, na tangu hapo plagi ya injini nzima huwa nyeupe kidogo kuliko picha ya kitabuni. Ukiifukuzia kahawia ile utazamisha injini kwenye petroli. Kwa kabureta tatu, zikitofautiana mbilimbili, tatizo lipo kwenye kabureta inayolisha mbili hizo. Moja ikitofautiana peke yake, rudi kwenye valvu na nyaya.

Nani akushikie mpira

Mafundi wa magari wa leo wamekulia kwenye EFI, petroli inayopulizwa kwa amri ya kompyuta. Wanachomeka mashine, mashine inataja kosa. Siwalaumu, ndiyo magari yaliyopo. Kabureta imehamia kwa vijana wa bodaboda, na kwa wale wanaohudumia pampu za maji na jenereta kwenye machimbo madogo kuanzia Mwakitolyo mpaka Nyarugusu. Kijana wa Maganzo anayesafisha kabureta ya pikipiki kwa waya mmoja wa breki, kisha akaitega sailensi kwa kusikiliza tu, ana nusu ya elimu unayoihitaji, na sikio zima. Mpe mpira. Mwambie aache ule waya, jeti hupulizwa kwa hewa, chuma kinalipanua tundu. Mlipe kama fundi, maana ni fundi.

Ukiwa umeamua kufunga tatu, zile mbili za kiwandani usizipeleke kwenye mizani ya vyuma chakavu. Zipake oili, zifunge kwenye nailoni, zitie sandukuni pamoja na manifoldi yake na vyuma vyake. Nunua daftari uandike namba za jeti, mizunguko ya kila skrubu, na mahali ulipozitengenezea. Na siku ukishuka Dar es Salaam, rudishia jeti ya 130 kabla hujatimua mbio: hewa ya pwani ni nzito, na injini inayonyimwa petroli huku inavutwa hutoboa pistoni.